Kiboko Aliyepanda Ngazi ya Mshahara

Paukwa!

*Pakawa!*

Kapu la mkubwa?

*Halijai!*

Kapu la mdogo?

*Halionekani!*

Eeh, leo mmeitikia vizuri, sijui mmekula nini. Haya, sogeeni. Wewe unayetafuna karanga, ama tafuna kimyakimya ama tugawane. Na anayesinzia aende zake akalale, mimi sisimulii magogo.

Hapo zamani wanyama walikuwa na serikali. Msicheke! Walikuwa na serikali, na serikali ilikuwa na kazi, na kazi zilikuwa na mshahara. Mtawala wao alikuwa Mama Ndovu, akikaa mbali huko milimani. Mshahara wenyewe ulikuwa kapu la chakula kutoka ghalani, kila mwezi ulipoandama.

Mhanga, yule mwenye pua ndefu na makucha kama majembe, alichimba visima: chaku-chaku, chaku-chaku. Punda Milia alibeba chumvi: tiki-taka, tiki-taka. Kanga aliamsha nchi alfajiri: kekere-kekere, kekere-kekere!

Na Pimbi je? Pimbi mnamjua? Kanyama kadogo, masikio mafupi, mkia hana, anaishi kwenye mawe. Kazi ya Bi Pimbi ilikuwa kulala kifudifudi juu ya jabali, juani, jicho moja mbinguni. Tai akitokea, Bi Pimbi hupiga kelele: "Kwiii!" Na kila mwenye mtoto humficha mtoto wake. Kwa kazi hiyo alipewa kikapu kidogo cha mtama, na nyumba ya serikali. Nyumba yenyewe ni ufa tu, katika jabali lilelile. Lakini humo ndimo alimolala na wanawe, na Tai hakuweza kuwafikia.

Juu ya wote hao alikuwa Bwana Kiboko, Mkuu wa Utumishi. Kazi yake? Alikaa mtoni, akapiga miayo: Hoooo! Mwezi ukiandama, hutoka majini akagawa makapu. Naye hugawa hivi:

"Hili langu. Hili nalo langu. Na hili... hili nani kaliona? Basi langu."

Yaliyobaki wenzake wakayagombania, na mwenye kiwiko kirefu ndiye aliyeshiba. Kanga alikonda mpaka madoa yake yakabanana. Malalamiko yakapanda milima, yakamfikia Mama Ndovu. Mama Ndovu akamwita Mwalimu Korongo, yule ndege wa miguu mirefu.

"Korongo, nenda kule. Wafundishe kupima kazi na kupanga mishahara. Kila kazi iwe na ngazi yake, na kila ngazi iwe na kapu lake. Nimechoka na kelele."

Ndipo ikaitishwa semina. Semina mnaijua? Ah, hamjui kitu nyinyi. Semina ni mahali ambapo mkubwa huja kufungua, akaondoka, akarudi chai ikiwa tayari, akaondoka tena, akarudi kufunga. Katikati hapo wadogo ndio wanaosoma.

Basi Bwana Kiboko akafungua. "Ndugu washiriki, nimefurahi sana, sana, sana. Someni kwa bidii. Mimi nina majukumu." Akaenda zake: chubwi! Mtoni.

Mwalimu Korongo akafundishia pale kwenye jabali la Bi Pimbi, maana jabali lile lilikuwa na ngazi za asili, zinaanzia mtoni hadi kileleni. Akasimama kwa mguu mmoja, akauliza:

"Tunapima nini?"

"Kazi!" wakajibu.

"Hatumpimi nani?"

"Mwenye kazi!"

"Hasa! Msiniambie huyu mnene, huyu shemeji yangu, huyu ana sauti kubwa. Niambieni kazi yake inataka akili gani, inataka nguvu gani, ina hatari gani, na ikiharibika ataumia nani. Kazi nyepesi, ngazi ya chini. Kazi nzito, ngazi ya juu. Tunapima nini?"

"Kazi!"

"Hatumpimi nani?"

"Mwenye kazi!"

Bi Pimbi alikuwa amelala palepale juani, ungedhani kasinzia. Wapi! Masikio yote yalikuwa kwa mwalimu.

Harufu ya mihogo ya kukaanga ikatokea. Na Bwana Kiboko naye akatokea. Alikula mihogo yake, akala ya Mhanga, akala ya Punda Milia, akainamia sufuria. Na wakati yeye kichwa kiko ndani ya sufuria, Mwalimu Korongo akatoa somo la mwisho.

"Somo la mwisho ni ukaguzi. Mtu akisema kazi yangu ni hii, msiandike ngazi yake mpaka mmemtazama akiifanya. Mdomo haulimi shamba."

Kiboko alisikia? Hakusikia. Sufuria ilikuwa inavuma. Akatoa kichwa, akafuta mdomo, akafunga semina. "Nimejifunza mengi," akasema.

Ikabaki kuchagua mpimaji, atakayempa kila mmoja ngazi yake, kisha Korongo aje kukagua. Kiboko akawatazama washiriki. Mhanga ana makucha. Punda Milia ana mateke. Kanga ana mdomo. Akamwona Pimbi.

"Namtaka huyu," akasema. "Huyu nikipiga chafya anaanguka."

Jioni hiyo akamwita Bi Pimbi ukingoni mwa mto. Bi Pimbi akaenda mbio, akasimama kwa adabu.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba. Sikiliza, kijimtu. Mimi uniweke kileleni kabisa, kwenye kapu kubwa kuliko yote. Umesikia?"

"Nimesikia, Bwana Mkubwa."

"Na kazi yako uifute. Kulala juani ni kazi? Hiyo si kazi, ni ugonjwa. Kikapu chako nitakutunzia mimi. Na mwezi ukiandama uhame, jabali ni la serikali."

Moyo wa Bi Pimbi ukapiga: pwa! pwa! pwa!

"Bwana Mkubwa, wanangu je? Watalala wapi?"

"Si nyika hiyo? Watalala nyikani kama wenzao."

"Na Tai?"

"Tai naye ana tumbo," akasema Kiboko, akazama.

Ee Mola! Bi Pimbi akarudi jabalini akilia. Aliwatazama wanawe walivyobanana ufani, huyu kamlalia huyu, akalia tena, maana aliwapenda na alijua nje ya ufa ule hawamalizi hata mwezi mmoja. Ataenda kwa nani? Mkubwa wa kumshtakia ndiye huyohuyo mkubwa wa kumfukuza. Akalia mpaka machozi yakaisha. Yalipoisha, akakumbuka sufuria ya mihogo. Akacheka kidogo, peke yake.

Haya, Paukwa!

*Pakawa!*

Mpo? Nilidhani mmelala.

Asubuhi wanyama wote wakakusanyika. Bi Pimbi akakaa juu ya jabali, Bwana Kiboko akasimama chini kabisa, kwenye ngazi ile ambayo maji ya mto huilowesha.

"Bwana Mkubwa," akaanza Bi Pimbi, "kazi yako ni ipi?"

"Nakaa."

"Nyingine?"

"Nagawa."

"Nyingine?"

"Napiga miayo. Hoooo!"

Bi Pimbi akatikisa kichwa kwa huzuni. "Basi ngazi yako ndiyo hiyohiyo uliyosimama, Bwana Mkubwa. Hiyo inayolowa."

"Nini?" Kiboko akanguruma, mto ukachafuka. "Mimi? Mimi mzito kuliko wote hapa!"

"Uzito ni wako, Bwana Mkubwa. Kazi yenyewe nyepesi. Jamani, tunapima nini?"

"Kazi," wakajibu, lakini kwa sauti ya chini, wakitazama pembeni.

"Hatumpimi nani?"

"Mwenye kazi."

"Mimi si adui yako," akasema Bi Pimbi. "Mimi nakutakia kilele. Ila huwezi kupanda ngazi bila kuongeza kazi. Ongeza, Bwana Mkubwa! Ongeza!"

Kiboko akafikiri. Alipofikiri alikunja uso kama mwenye jino bovu. "Hivi nani anaamsha nchi?"

"Kanga."

"Aa! Kanga namtuma tu. Anayeamsha nchi ni mimi."

"Basi sema kwa sauti."

"Kazi yangu kuamsha nchi!"

"Panda!" Kiboko akapanda: tii!

Kanga akaruka juu. "Jamani! Koo linalokauka kila alfajiri ni la nani? Si langu hili?"

"Nyamaza, shoga," akanong'ona Bi Pimbi. "Nyamaza ule." Kisha akapaza sauti: "Ongeza, Bwana Mkubwa! Ongeza!"

"Mhanga anachimba kwa amri yangu. Kazi yangu kuchimba visima!"

"Panda!" Tii!

"Ongeza!"

"Chumvi nani angeibeba bila mimi? Kazi yangu kubeba chumvi!"

"Panda!" Tii! Jabali likatetemeka. Mhanga na Punda Milia walitazamana midomo wazi.

Kiboko akaangalia juu. Kilele kilikuwa pale, ngazi moja tu mbele ya pua yake. Akameza mate. "Imebaki kazi gani?"

"Imebaki ya kwangu, Bwana Mkubwa. Ile ya kumtazama Tai. Lakini wewe mwenyewe umesema si kazi, ni ugonjwa."

"Nani kasema?"

"Wewe, jana."

"Jana nilikuwa na usingizi! Ni kazi! Tena ni kazi nzito, hakuna nzito kama hiyo! Na anayeifanya ni mimi!"

"Nyote mmesikia?" akauliza Bi Pimbi.

"Tumesikia!"

"Basi, Bwana Mkubwa, umefika. Kesho alfajiri Mwalimu Korongo anakuja, uzifanye atazame, ndipo upewe kapu."

Kiboko akageuka. "Nizifanye? Nizifanye vipi?"

"Ukaguzi, Bwana Mkubwa. Somo la mwisho. Lile la wakati unashughulika na sufuria."

Mtu akacheka nyuma huko. Kiboko akatafuta nani kacheka, wote wakawa wanakohoa. Angeweza kukataa palepale, lakini tamaa mbaya, jamani. Alikwisha kuliona kapu. Akasema, "Mnaniona mimi nani? Hizo kazi za watoto."

Alfajiri ikafika, na Korongo akafika, akasimama kwa mguu mmoja. Kanga alikuwa amelala fofofo, mara ya kwanza maishani mwake, anakoroma.

"Amsha nchi," akasema Korongo.

Kiboko akavuta pumzi, akafungua kinywa: HOOOOOO! Lo! Swala waliruka mto bila kuuona. Nyani waliangukiana. Fisi alijikuta juu ya mti, na fisi hajui kupanda mti, mpaka leo haijulikani alifikaje.

"Wameamka?" akauliza Korongo.

"Wamehama," akajibu Mhanga.

"Chimba kisima."

Makucha hana, akachimba kwa mdomo. Fuu! Fuu! Fuu! Kichwa kikaingia. Kichwa hakikutoka. Akabaki vile, matako juu, mkia unazunguka kama pangaboi, na sauti inatoka ardhini: "Nitoeni! Nitoeni, hii ni amri!" Mhanga akaja taratibu, hana haraka, akamchimbua: chaku-chaku, chaku-chaku.

"Beba chumvi."

Wakamtwika magunia. Tii, tii, tii, akaenda. Jua likaanza kuchoma, na njia ilipita kando ya mto. Akautazama mto. Mto ukamtazama. "Nilowanishe miguu tu," akasema. Chubwi! Akazama mpaka masikioni, akasema aaah. Alipotoka, magunia yalikuwa matupu.

"Leo samaki hawahitaji kuungwa," akasema Punda Milia.

Korongo hakucheka. Wakaguzi hawacheki. "Panda kileleni," akasema. "Mtazame Tai."

Wakamsukuma. Mhanga huku, Punda Milia kule, Kanga akiimba tu kuwatia moyo: "Ongeza! Ongeza!" Wakamfikisha juu kabisa, wakamwacha. Jua la adhuhuri likamshukia utosini. Ngozi ikambana. Jasho likamtoka, jasho lenyewe jekundu kama damu, na akaogopa sana kulitazama. Huko kileleni alikotamani hakuna maji, hakuna kivuli, hakuna hata pa kugeukia.

"Unaona nini?" akauliza Korongo kutoka chini.

"Naona... naona jua."

Watoto wa Pimbi walikuwa wanacheza nyasini chini ya jabali, wanafukuzana. Ghafla Bi Pimbi akanyanyua kichwa.

"Bwana Mkubwa! Kivuli kile!"

"Wapi? Sioni! Jua limenijaa machoni!"

"Tai huyo, anakuja! Piga kelele!"

Kiboko akafungua kinywa. Hhhh. Koo limekauka, sauti hakuna. "Piga wewe!"

"Mimi? Mimi sina kazi, Bwana Mkubwa. Imefutwa."

"Nakurudishia!"

"Ngazi gani?"

"Hii ya juu! Ichukue! Inaniunguza!"

"Na jabali?"

"Lako! Lako na la wajukuu zako!"

"KWIII!" akapiga Bi Pimbi.

Loo, ilikuwa vurugu! Watoto wa Pimbi wakaingia ufani, pu, pu, pu. Kanga akaingia chini ya Punda Milia. Mwalimu Korongo, pamoja na elimu yake yote, akachomeka shingo ndefu ndani ya shimo la Mhanga. Na Kiboko, ambaye hakuna shimo linalomtosha, akaanza kuporomoka.

"Tai si wangu!" Tii!

"Chumvi si yangu!" Tii!

"Visima si vyangu!" Tii!

"Mwenye kulala na alale!" Tii! Chubwi!

Akaishia palepale, kwenye ngazi inayolowa. Akazama, yakabaki macho na matundu ya pua.

Korongo akachomoa shingo, akajikung'uta mchanga. Akatangaza kwamba Kiboko amejipima mwenyewe, ngazi yake ni ile ya majini, na kapu lake ni majani, ajichumie. Kanga, Mhanga na Punda Milia wakapewa makapu yaliyojaa, wakakumbatiana kwa furaha. Na kileleni akawekwa Bi Pimbi, kwa kapu kubwa kuliko yote, maana Mkuu wa Utumishi alikiri mbele ya watu kwamba hakuna kazi nzito kama ile. Bi Pimbi akaingia ufani, akawahesabu wanawe kwa pua, mmoja mmoja, wakatimia. Akalia tena, safari hii kwa furaha.

Kabla ya kuondoka, Korongo akasogea karibu, akauliza polepole:

"Bi Pimbi, hivi yule Tai alielekea wapi?"

"Kelele zilimtisha, Mwalimu."

Korongo akatazama mbinguni. Mbingu nyeupe. Kunguru mmoja tu, kazeeka, anapita zake. Korongo akafungua mdomo. Kisha akakumbuka mahali shingo yake ilipokuwa, na walioiona. Akafunga mdomo.

"Kazi nzito kweli," akasema, akaruka.

Ndiyo maana mpaka leo Kiboko anashinda majini, macho tu ndiyo yako nje: anaangalia kama Korongo anakuja kukagua. Giza likiingia ndipo hutoka akala majani. Na Pimbi mtamkuta juu ya mawe, kalala kifudifudi juani, kanenepa. Ukimuuliza, "Mbona umelala?" atakujibu, "Niko kazini."

Haya, sasa funzo. Nyoosheni migongo, funzo halisikilizwi kwa mgongo uliopinda. Funzo ni hili: uvivu haulipi! Mwigeni Kiboko, aliyefanya kazi zote za serikali kwa siku moja, tena akatoka jasho la damu. Pimbi alifanya nini? Alilala.

*"Lakini Bibi, si Pimbi ndiye aliyepata kapu?"*

Nani kakuuliza wewe? Ndiyo hayo ya kutafuna karanga wakati wa somo la mwisho.

Ngano yangu imefika ngazi ya chini, nami nashuka. Kama ilikuwa tamu, nileteeni kapu. Kama ilikuwa chungu, kashtakini kwa Mkuu wa Utumishi, mkimsubiri atoke majini.

Sasa kalaleni. Mimi nabaki hapa kibarazani kidogo, nimeegemea, nimefumba macho. Asiniamshe mtu. Niko kazini.